Nakshi za Misikiti na Tafakuri ya Moyo

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyekipa kila kitu kipimo chake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Mtu aingiapo katika msikiti wa zamani, jicho lake hukutana na nakshi za nyota na pembe zilizoshikana, moja ikizaa nyingine, wala asione zilipoanzia wala zitakapoishia. Wako wasemao kwamba hayo ni pambo tu, kama ushanga shingoni. Na wako wengine, hasa katika siku hizi, wanaodai kwamba maumbo yenyewe yana siri na nguvu, na kwamba mwenye kuyakazia macho hupata baraka. Kauli zote mbili zimepita mpaka, ya kwanza kwa kupunguza na ya pili kwa kuzidisha. Yafaa basi kuitazama tarikh, ili ijulikane nakshi hizi zimetoka wapi, na zinamfaa nini mtu mwenye moyo wa kuzingatia.

Kuyatumia maumbo katika kuukusanya moyo si jambo la taifa moja. Wahindu na Mabudha wana michoro iitwayo mandala, na neno hilo katika Kisanskriti maana yake ni duara. Watawa wa Tibet huichora kwa mchanga wa rangi, chembe kwa chembe, kwa siku nyingi; kisha huifagia yote, kuonyesha kwamba dunia haidumu. Katika michoro hiyo aghalabu huwamo sura za miungu yao au alama zao. Hapo ndipo njia zinapoachana, kwani msikitini haimo sura ya kuelekewa, na nakshi ya Kiislamu haikuwekwa ili iabudiwe.

Mfano wa kale ulio mashuhuri ni Kubba ya Mwamba, Kubbat as-Sakhra, katika Baitul Mukaddas, iliyojengwa kwa amri ya Khalifa Abdul Malik bin Marwan, na tarehe iliyoandikwa ndani yake ni mwaka wa 72 wa Hijra, yaani 691 au 692 wa Masihi. Jengo hilo lina pande nane. Ndani yake kuba imebebwa na nguzo nene 4 na nguzo za mviringo 12, zilizopangwa kwa duara kuuzunguka mwamba. Ukichora duara, ukatia ndani yake mraba, kisha ukatia mraba wa pili ulioupinda ule wa kwanza nusu ya pembe yake, utapata nyota ya ncha nane. Na umbo hilo ndilo msingi wa ramani ya jengo. Upana wa kuba na urefu wa kila upande wa nje vyakaribiana, kila kimoja takriban mita 20. Mtu asiyejua hesabu hata moja huingia na kuona utulivu, asijue kwamba utulivu ule umepimwa.

Baadaye elimu ya hendasa, yaani elimu ya vipimo na maumbo, ilipata makao makuu Baghdad. Katika zama za Harun ar-Rashid na mwanawe al-Maamun, aliyetawala tangu 813 hata 833, kitabu cha Euclid Myunani kilifasiriwa kwa Kiarabu na al-Hajjaj bin Yusuf bin Matar. Waislamu hawakuona haya kuchukua elimu kwa watu wa kale; waliichukua, wakaisahihisha, wakaizidisha.

Miongoni mwa walioizidisha alikuwa Abul Wafa al-Buzjani, aliyezaliwa katika nchi ya Khurasani mwaka 940, akaishi Baghdad. Yeye aliandika kitabu maalumu cha mambo ya hendasa wanayoyahitaji mafundi. Humo asimulia baraza zilizokutanisha wanavyuoni wa hendasa na mafundi wenye kukata vigae na mbao. Suala mojawapo lilikuwa hili: miraba mitatu iliyo sawa yaweza kukatwaje na kuungwa iwe mraba mmoja? Mafundi walileta njia zao, na kwa jicho zilionekana njema. Lakini zilipopimwa kwa dalili, baadhi yake zilikuwa na kasoro. Wanavyuoni nao walijua dalili, bali hawakuzoea kukata. Abul Wafa akaonyesha njia iliyo sahihi na nyepesi: mraba mmoja huachwa mzima katikati, miwili hukatwa kutoka pembe hata pembe, ikatoka pembetatu nne, hizo hupangwa kuuzunguka ule mzima, kisha vipande vinavyotokeza hukatwa na kujaza mapengo.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. Kwanza, jicho peke yake hudanganya, na mkono peke yake hukosea. Haki hupatikana elimu na kazi zinapokaa baraza moja. Pili, katika kitabu hicho hamna uganga wala siri za kunong'onezana. Mnafundishwa bikari, rula na subira. Mwenye kudai kwamba mafundi wa zamani walifanya kazi kwa maumbo ya ajabu yenye nguvu zake wenyewe, na akisome kitabu walichoandikiwa.

Kutoka hapo nakshi zilienea. Karibu na Kazwini, katika Uajemi, ilijengwa minara miwili ya makaburi huko Kharraqan, mmoja mwaka 1067 na wa pili mwaka 1093, na kuta zake zote zimefumwa kwa matofali kama mkeka. Huko Istanbul, katika kasri ya Topkapi, imehifadhiwa karatasi ndefu ya kukunjwa, yenye urefu wa karibu mita 30, nayo ina michoro 114 ya mafundi wa Kiajemi wa karne ya 15 au ya 16. Na katika mji wa Isfahani, katika jengo la Darb-i Imam la mwaka 1453, mna nakshi ambayo mwaka 2007 wataalamu wawili wa Marekani, Peter Lu na Paul Steinhardt, walieleza kwamba imekaribia sana utaratibu wa maumbo yasiyojirudia, utaratibu ambao wanahisabati wa Magharibi waliutambua katika miaka ya 1970. Fundi wa Isfahani alifika karibu na mlango huo karne tano kabla yao.

Yaweza kuulizwa sasa: ikiwa mafundi walifundishwa kukata na kuunga tu, tafakuri imeingilia wapi? Jawabu lake laonekana wazi mjini Granada, katika Andalusi, kwenye kasri ya al-Hamra. Ukumbi mkubwa wa mabalozi ulijengwa katika zama za Sultani Yusuf wa kwanza, aliyetawala tangu 1333 hata 1354. Dari yake ni ya mbao, imeungwa kwa vipande 8,017, safu juu ya safu za nyota zinazopanda kuelekea kileleni. Chini ya dari hiyo, ukingoni, imeandikwa Suratul Mulk. Na kila asomaye sura hiyo ajua kwamba mwanzoni mwake Mwenyezi Mungu ataja mbingu saba, tabaka juu ya tabaka, kisha amwamuru mja atazame kama ataona kasoro, halafu atazame tena mara ya pili. Na jicho litamrudia limeshindwa na limechoka.

Basi hapo dari na Aya zinasema neno moja. Fundi hakujigamba kwamba ameumba mbingu. Alifanya vipande elfu nane vya mbao vimshike mtu shingo, ainue kichwa, atafute kosa, achoke. Na machoko yale yamkumbushe mbingu isiyoungwa na fundi. Nakshi ni kidole kinachoonyesha mwezi, na mwenye akili hakiangalii kidole.

Jambo hili lina asili katika elimu ya dini. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka wa 505 wa Hijra (1111), katika Ihya yake aliweka kitabu kizima cha tafakuri. Humo afundisha kwamba mja haifikirii dhati ya Mwenyezi Mungu, kwa kuwa akili haiwezi. Bali huvifikiri viumbe vyake na mpango wake, tangu mwili wa mwanadamu hata nyota, na kwa hivyo humjua Mpangaji. Naye Ibn Khaldun, katika karne ya 14, aliisifu hendasa kwamba huiosha akili kama sabuni iondoavyo uchafu katika nguo, kwa sababu humzoesha mtu kwenda hatua kwa hatua bila ya kuruka.

Walakini, hapana budi kulitazama na upande wa pili. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alisali akiwa amevaa shuka yenye alama, jicho lake likaziangukia alama zile, alipomaliza akaamrisha shuka ile apelekewe Abu Jahm, naye aletewe nguo isiyo na nakshi, kwa kuwa ile ilimshughulisha katika sala yake. Na Sayyidna Umar (R.A.) alipoamrisha kujengwa kwa msikiti alimwambia mjenzi awasitiri watu na mvua, na ajihadhari na rangi zitakazowafitini. Ikiwa moyo wa Mtume, uliokuwa safi kuliko nyoyo zote, ulichunga jambo hili, seuze nyoyo zetu! Ndiyo maana wanavyuoni wengi wamechukia nakshi nyingi mbele ya macho ya mwenye kusali. Wakati wa sala si wakati wa kuhesabu nyota za ukutani. Tafakuri ina wakati wake na sala ina wakati wake.

Kadhalika yapasa kutenganisha nakshi na talasimu. Wako watu, pwani na bara, wanaoandika miraba ya tarakimu na mihuri, wakaiuza kwa maskini kuwa ni kinga ya maradhi au mvuto wa riziki. Umbo haliponyi, wala halilindi, wala halijibu dua. Mraba ulio sawa pande zote ni sawa pande zote, basi. Atakayeutegemea umbo amemwacha Aliyeumba kipimo akashika kipimo.

Watu wa Afrika ya Mashariki nao wana fungu katika tarikh hii. Mihrabu ya Kizimkazi, Unguja, ina maandishi ya Kikufi ya mwaka wa 500 wa Hijra (1107). Huko Kilwa, katika Husuni Kubwa, kasri ya Sultani al-Hasan bin Suleiman ya mwanzo wa karne ya 14, mna birika la kuogea lenye pande nane, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Na milango ya Lamu na Unguja yasifika ulimwenguni kwa nakshi zake. Katika karne ya 19 Uislamu ulipopanda bara pamoja na misafara, hata Ujiji na Buganda na Manyema, misikiti mingi ilianza kwa miti na udongo na nyasi, bila ya nyota hata moja ukutani; na sala zilizosaliwa humo hazikupungua kitu kwa hilo.

Kwa hiyo, jumuiya zinapojenga au kukarabati misikiti, na zishike mizani. Fundi mwenye ujuzi na apewe kazi, na vijana wafundishwe bikari na hesabu, kwani huo ni urithi wao uliopotea mikononi mwao. Nakshi na ziwekwe mlangoni, darini na barazani, mahali ambapo mtu huketi na kuzingatia. Na ukuta wa kibla uachwe mtulivu. Kwani duara zote za mafundi zina kituo kimoja kisichoonekana kazi iishapo: tundu dogo lililochomwa na mguu wa bikari. Hufutwa, lakini kila mstari umelitii.

Wallahu aalam.