Kabla ya WhatsApp, Kulikuwa na Kasanduku

Wasee, kabla hamjaita simu ya mezani ya shosho takataka, ngojeni kidogo. Yetu imewahi kupiga Marekani kupitia intaneti.

Siri ilikuwa kasanduku kanaitwa adapta. Upande mmoja unachomeka simu ya kawaida, upande wa pili waya wa intaneti. Kanageuza sauti kuwa tarakimu, kanazituma vipande vipande, na zinazoingia kanazirudisha kuwa sauti. Simu yenyewe haijui kitu.

Kupigiana kwa intaneti kulikuwepo. VocalTec ya Israel ilitoa programu yake 1995, lakini lazima nyote muwe kwa kompyuta. Kampuni kama Vonage zikaleta adapta kwa nyumba za Wamarekani miaka ya 2000 mwanzoni. Utamu wake? Namba ilifuata kasanduku. Ukikabeba hadi Nairobi, bado una namba ya Texas.

Huku kwetu, Telkom Kenya ilikuwa na ukiritimba wa simu za mezani na za nje hadi 2004. Hata baadaye, intaneti yetu ilipanda setilaiti, karibu kilomita 36,000 juu, ndio irudi chini. Unasema "haloo", kimya, halafu mnaongea pamoja. Nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa 2009, mambo yakabadilika.

Mwaka uliofuata anko akatutumia adapta kutoka majuu. Shosho, aliyezoea kuongea na mtoto wake dakika tatu za Krismasi akiangalia saa, sasa alimpigia kila Jumapili kumuuliza amekula nini.

Shida ilikuwa stima. Laini ya zamani ilibeba umeme wake kwa waya wa shaba. Adapta inategemea soketi ya ukuta. Jioni moja shosho alisema tu, "Babako amezidiwa," stima ikapotea. Simu ya mathe nayo haikuwa na chaji. Anko alikaa usiku mzima akidhani ameachwa yatima. Babu alipona, lakini anko hajasahau usiku huo.

Maoni yangu ni haya: dakika hazikuwa dhahabu kwa sababu ya waya peke yake. Mlango ulikuwa mmoja, na mwenye ufunguo alikuwa mmoja. Leo milango ni mingi, lakini tunatumiana stika tu.

Shosho alikuwa na sababu ya kuongea dakika tatu. Wewe yako ni gani?