Ukanda: Neno Lililouzingira Mlima

Neno ukanda, ambalo wingi wake ni kanda, kwa asili hutaja kipande chembamba na kirefu cha ngozi au kitambaa cha kufungia kitu, na kutokana na umbo hilo limepanuliwa katika jiografia kutaja eneo lenye hali moja ya hewa na uoto, yaani jumla ya mimea inayoota mahali pamoja. Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, unadhihirisha ufaafu wa neno hilo, kwa kuwa joto hupungua kadiri kimo kinavyoongezeka, na kila kimo huwa na jamii yake ya mimea. Juu ya mashamba ya migomba na kahawa, takriban mita 1,800, huanza ukanda wa msitu wa mvua. Kuanzia mita 2,800 hivi hufuata ukanda wa vichaka vya erika, ambavyo majani yake madogo na magumu hupunguza upotevu wa maji. Na kuanzia mita 4,000 hivi hutawala jangwa baridi, lenye jua kali mchana na jalidi, yaani tabaka jembamba la barafu, usiku. Karibu na mpaka wa kanda hizi mbili za mwisho, lobelia kubwa hufunga majani yake usiku ili kulinda chipukizi la kati, na senesio kubwa hubaki na majani makavu yanayolifunika shina kama blanketi. Mwandishi anayeandika “eneo” panapostahili “ukanda” huuficha mpangilio huu wa kimo, ambao ndio unaoeleza uhai wa mlima.