Boma la Malishoni: Jengo Lililobeba Haki Ukambani
Ukoloni uliona nyika za Kitui na Makueni kama ardhi tupu. Mila za Wakamba zinapinga hilo. Ng'undu ilikuwa ardhi ya urithi. Weu, malisho ya wote. Aliyejenga kyengo, yaani boma la mifugo, huko weu alipata kisesi, haki ya kuchunga eneo lililolizunguka maadamu analitumia. Akihama moja kwa moja, haki ilikwisha.

Kuna hoja kwamba utaratibu huo ulimpendelea mwenye ng'ombe wengi. Ni kweli, lakini pia ulimzuia kuhodhi asichokitumia. Sheria ya mwaka 1968 ya kuamua haki za ardhi ilifungua njia ya hati, nayo hati humlinda hata asiyekanyaga shamba lake. Boma lilidai matumizi, karatasi haidai.