Ekari kumi za bure

Mwezi uliopita nilimzawadia mzee mmoja ekari 10 ambazo si zake. Tulikuwa tumesimama chini ya mkorosho akinieleza mgogoro wa shamba lake la ekari 4, notibuku yangu imelala kwenye begi. Nikapanda daladala, nikaingia chumba cha habari, nikaandika 14. Gazeti likatoka hivyo hivyo. Asubuhi simu ikalia: "Mwanangu, sasa majirani wanasema nimewaibia."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za usahaulifu, na kumbe hadithi yenyewe ni ndefu.

Mwingereza John Locke, katika toleo la mwaka 1700 la kitabu chake juu ya akili ya binadamu, anasimulia kijana aliyejifunzia dansi kwenye chumba chenye sanduku kuukuu. Akawa hachezi vizuri popote pasipo na sanduku kama lile. Nilicheka, kisha nikaukumbuka mkorosho.

Mwaka 1975 Duncan Godden na Alan Baddeley wakaleta namba. Kule Oban, Uskochi, wapiga mbizi 18 walisomewa maneno 36, mara nchi kavu, mara chini ya maji, halafu wakatakiwa kuyataja. Walipobaki palepale walikumbuka 12 hivi. Walipohamishwa, 8 na ushei. Mwaka 2011 Gabriel Radvansky na wenzake, Marekani, wakaonyesha kwamba hata kupita mlango tu kunatosha: mtu anasahau alichobeba kuliko akitembea umbali uleule ndani ya chumba kimoja.

Mimi hapo nilishapata utetezi wangu mbele ya mhariri. Mlango ndio mkosaji!

Bahati mbaya niliendelea kusoma. Wale watu wa Radvansky hawakupata nafuu hata waliporudi chumba cha kwanza. Na mwaka 2021 Jaap Murre wa Uholanzi alirudia jaribio la wapiga mbizi kwenye bwawa la kuogelea, tofauti ile ya mwaka 1975 haikuonekana.

Jumamosi nilirudi kwa mzee, nikasimama palepale chini ya mkorosho. Nilikumbuka siafu walioniuma mguuni. Nilikumbuka jembe lake lililokatika mpini. Namba haikuja ng'o. Nikamuuliza upya, nikaiandika huku akinitazama mkono.

Masahihisho yalitoka ukurasa wa 6, mistari miwili. Majirani zake hawajayaona.