Utafiti wa Soko kwa Msindikaji Mdogo: Kuyajua Mahitaji ya Mteja kabla ya Kuingia Gharama

Wasindikaji wengi wadogo wa vyakula nchini huanza na bidhaa, kisha ndipo wakatafuta mnunuzi. Unga wa lishe ni mfano unaoonekana karibu kila mkoa. Mahindi, ulezi, soya na karanga hupatikana kwa urahisi, mashine ya kusaga huweza kukodiwa, na kikundi cha watu watano kinaweza kuanza uzalishaji ndani ya muda mfupi. Gharama inayoumiza huja kwenye kifungashio. Wachapaji wa mifuko yenye nembo hawapokei oda ya mifuko mia moja. Huhitaji oda ya maelfu, na fedha hulipwa kabla mfuko mmoja haujauzwa.

Kikundi kikichapisha mifuko 5,000 ya kilo moja, kisha kikabaini kwamba wateja wa eneo lake hununua nusu kilo, mtaji unakuwa umelala stoo. Hali huwa nzito zaidi mtaji huo unapotokana na mkopo wa halmashauri. Mikopo hiyo, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mgawanyo wa asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, haitozwi riba, lakini hurejeshwa, na tarehe ya marejesho haisubiri mifuko iishe.

Utafiti wa soko ni ukusanyaji na uchambuzi wa taarifa kuhusu wateja, washindani, bei na njia za usambazaji, unaofanyika ili kusaidia uamuzi wa biashara. Maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Taarifa zisizohusishwa na uamuzi wowote huishia kuwa makaratasi, hata zikiwa sahihi. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuandaa dodoso, mjasiriamali anashauriwa kuandika uamuzi ulio mbele yake kwa sentensi moja: je, mfuko uwe wa kilo moja au nusu kilo? Je, bidhaa iuzwe kupitia maduka ya rejareja au moja kwa moja kwa shule? Je, bei ipandishwe kwa sababu karanga zimepanda? Baada ya hapo aandike ni jibu gani litakalomfanya achague njia moja na kuiacha nyingine. Akishindwa kulitaja jibu hilo, maana yake ni kwamba ameshaamua, na utafiti anaoutaka ni wa kujifariji tu.

Takwimu zilizopo tayari

Sehemu ya taarifa zinazohitajika imekwishakusanywa kwa gharama ya umma. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, wakiwamo 5,383,728 wa Mkoa wa Dar es Salaam, na kuonesha kuwa kaya moja ina wastani wa watu 4.3. Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) hutoa matokeo hayo kwa mgawanyo wa mikoa na wilaya, pamoja na umri na jinsi. Msindikaji wa unga wa watoto anaweza kujua watoto wadogo ni wangapi katika wilaya yake bila kugonga mlango wa mtu yeyote. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18 unaonesha namna kaya zinavyogawanya matumizi yao, na taarifa za bei za jumla za mazao ya chakula zinazotolewa na wizara yenye dhamana ya biashara humsaidia kufuatilia mwenendo wa gharama za malighafi.

Takwimu hizi zina mpaka wake. Huonesha ukubwa wa soko linaloweza kufikiwa, lakini hazisemi nani atanunua. Wilaya yenye watoto 40,000 si soko la wateja 40,000, kwa kuwa kaya nyingi husaga unga wao wenyewe, nyingine hupika uji wa mahindi matupu, na nyingine tayari zina chapa zinazoiamini. Andiko la mradi linalozidisha idadi ya watu kwa bei ya mfuko na kuita jibu hilo mapato tarajiwa halijafanya utafiti wowote.

Kuuliza yaliyotendeka

Kinachofuata ni kwenda kwa mteja, na hapa ndipo makosa huwa mengi. Swali linaloulizwa mara nyingi zaidi ni lile lisilofaa: “Je, ungenunua bidhaa hii?” Anayeulizwa ana mfuko mbele yake na mwenye mfuko amesimama naye ana kwa ana. Kwa ustaarabu wa Mtanzania, jibu litakuwa ndiyo. Wapo watakaoongeza kwamba bidhaa ni nzuri na kuwatakia heri wazalishaji, kisha wakaendelea na safari zao.

Swali lenye manufaa huhusu jambo lililokwishatokea. Mama aliyempeleka mtoto kliniki anaweza kuulizwa mara ya mwisho alinunua unga wa lishe lini, alinunua wapi, kiasi gani, kwa bei gani, na ulidumu siku ngapi. Akijibu kwamba hajawahi kununua, aulizwe mtoto anakula nini asubuhi na unga huo hupatikana wapi. Majibu ya namna hii hayabembelezi. Huonesha pia mshindani halisi ni nani, na mara nyingi mshindani huyo si chapa nyingine bali ni mashine ya kusaga ya mtaani.

Muuza duka naye ni chanzo muhimu ambacho hupuuzwa. Yeye huona nani ananunua nini, kwa kiasi gani na siku gani. Anajua kwamba mauzo ya mwisho wa mwezi si sawa na ya tarehe 20, na kwamba wapo wateja wanaotaka kupimiwa robo kilo kutoka kwenye kiroba kilichofunguliwa kwa sababu fedha ya siku ile inatosha robo. Saa mbili za kukaa dukani asubuhi na nyingine mbili jioni, kwa ridhaa ya mwenye duka, huweza kufundisha mengi kuliko madodoso hamsini.

Ni muhimu pia kuzingatia nani anaulizwa na lini. Ndugu, majirani na waumini wa kanisa au msikiti mmoja na mzalishaji hawawakilishi soko, kwa kuwa humnunulia yeye badala ya kununua bidhaa. Watu wanaopatikana sokoni saa nne asubuhi ni tofauti na wanaopita dukani saa moja usiku wakitoka kazini. Majira nayo hubadilisha majibu: baada ya mavuno kaya nyingi zina mahindi ndani, ilhali katika mwezi wa Ramadhani uji hupikwa jioni katika nyumba ambazo miezi mingine haziupiki. Matokeo ya wiki moja ya Agosti hayatoshi kupanga uzalishaji wa mwaka mzima.

Tahadhari kama hiyo inahitajika kwenye maonesho. Sabasaba jijini Dar es Salaam na Nanenane kwenye viwanja vya kanda huwakutanisha wazalishaji na umati mkubwa, na ni fursa nzuri ya kuona bidhaa za washindani, vifungashio vyao na bei zao. Hata hivyo, mtu aliyekwenda maonesho amekwenda akiwa tayari kutumia, pengine akiwa na familia, na hununua kitu kwa upya wake. Mauzo ya banda kwa siku kumi hayana budi kusomwa hivyo. Kipimo bora ni idadi ya wateja wanaopiga simu mwezi mmoja baadaye kuuliza bidhaa inapatikana wapi.

Funzo la M-Pesa

Mfano unaofahamika zaidi Afrika Mashariki wa utafiti uliobadilisha uamuzi wa biashara ni wa M-Pesa. Mwezi Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom zilianza majaribio nchini Kenya, katika maeneo ya Nairobi na Thika, yakihusisha wateja wapatao 500 wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya. Sehemu ya fedha za mradi ilitoka idara ya Serikali ya Uingereza iliyoshughulikia maendeleo ya kimataifa. Huduma ilibuniwa kwa lengo moja, yaani mkopaji apokee mkopo na kufanya marejesho kwa simu.

Wasimamizi wa majaribio walifuatilia miamala iliyofanyika, na walichokiona hakikuwa kile walichokibuni. Washiriki walikuwa wakimlipia mtu mwingine mkopo wake, wakilipana wenyewe kwa wenyewe katika biashara, wakiweka fedha za mauzo usiku ili wasilale nazo ndani, na wakinunua muda wa maongezi kwa ajili ya ndugu walioko vijijini. Upande wa pili, taasisi ya mikopo ilipata taabu kuoanisha malipo hayo na mfumo wake wa hesabu na utaratibu wake wa mikutano ya vikundi. Kampuni ingeweza kuyaita matumizi hayo ukiukaji wa utaratibu na kuyazuia. Badala yake iliacha wazo la mikopo, na mwezi Machi 2007 huduma ikazinduliwa kwa umma ikiwa na ujumbe mmoja mwepesi wa kutuma pesa nyumbani.

Sehemu ya pili ya historia hiyo inahusu Tanzania, na haisimuliwi mara kwa mara. Vodacom ilizindua M-Pesa nchini mwaka 2008, teknolojia ikiwa ileile. Katika miezi 14 ya mwanzo Kenya ilikuwa imefikisha takribani wateja milioni 2.7, Tanzania, kwa kipindi kama hicho, wateja takribani 280,000. Safaricom ilishika sehemu kubwa mno ya soko la simu nchini kwake, wakati Vodacom ilishindana na kampuni kadhaa zenye nguvu. Wananchi wa Tanzania walikuwa wametawanyika katika eneo kubwa zaidi, na mtandao wa mawakala ulihitaji muda kuwafikia. Huduma ilikua baadaye, baada ya utaratibu wa mawakala, bei na matangazo kurekebishwa kulingana na mazingira ya hapa. Utafiti uliofanyika Thika ulikuwa mzuri, ila ulijibu maswali ya Thika. Msindikaji wa Iringa anayepanga kuingia Mtwara kwa bei, ladha na kifungashio kilekile ana sababu ya kuutazama mfano huo kwa makini.

Jaribio dogo la mauzo

Kwa biashara ndogo, jaribio la mauzo ndilo utafiti wenye uwiano bora wa gharama na faida. Kikundi cha unga wa lishe kinaweza kununua mifuko isiyochapwa na kubandika lebo za karatasi, kikafungasha sehemu kwa kilo moja na sehemu kwa nusu kilo, kisha kikaweka bidhaa hizo katika maduka kumi kwa wiki sita. Kila wiki mwanakikundi hupita kuhesabu mifuko iliyobaki na kuandika kwenye daftari. Bei ipangwe kwa uangalifu: ikiwa kilo inauzwa shilingi 4,000 na nusu kilo shilingi 2,000, mzalishaji anabeba gharama ya vifungashio viwili kwa mapato yaleyale. Jaribu shilingi 2,200, uone kama mteja anakubali tofauti hiyo ili apate kiasi kidogo.

Jambo la kutazama zaidi ni oda ya pili. Mwenye duka huweza kupokea mzigo wa kwanza kwa hisani, hasa ukiachwa kwa mali kauli. Akiagiza tena kwa fedha taslimu, hiyo ni taarifa ya kutegemewa. Ieleweke kwamba neno jaribio haliondoi wajibu wa usalama wa chakula. Bidhaa inayouzwa kwa umma inatakiwa kukidhi masharti ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), hata ikiwa mifuko ni michache.

Gharama ya zoezi ilinganishwe na fedha iliyo hatarini. Kwa mfano, mifuko 5,000 kwa shilingi 400 kila mmoja ni shilingi 2,000,000. Kutumia shilingi 150,000 kwa nauli, lebo na sampuli ili kulinda kiasi hicho ni jambo la busara. Kutumia kiasi hichohicho kuamua rangi ya bango la shilingi 60,000 si busara.

Taarifa za wateja

Wapo wanaokusanya majina na namba za simu za waliohojiwa ili wawatumie matangazo baadaye. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu aeleze madhumuni yake na azitumie kwa madhumuni hayo, chini ya usimamizi wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Aliyetoa namba ili apigiwe kuhusu ladha ya uji hajatoa ruhusa ya kuuziwa bidhaa nyingine, wala namba yake kupewa mtu wa tatu. Katika tafiti nyingi ndogo jina halihitajiki kabisa. Mtaa, umri wa mtoto na kiasi kinachonunuliwa vinatosha.

Wajasiriamali wanaohitaji mwongozo wanaweza kufika katika ofisi za mikoa za Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), kwa maafisa biashara na maafisa maendeleo ya jamii wa halmashauri zao, au katika Mamlaka ya Maendeleo ya Biashara Tanzania (TanTrade) kwa masuala ya masoko ya ndani na nje. Vikundi vinavyoandaa maombi ya mkopo vinashauriwa kwenda na daftari la jaribio la mauzo, hata kama matokeo yake yanaonesha kwamba bidhaa ya kwanza haikununuliwa na kikundi kimelazimika kubadili ukubwa wa mfuko au eneo la kuuzia.