Harufu ya Klachi Mpya

Harufu ilitupata kona ya tatu juu ya Mombo, tukipandisha kwenda Lushoto. Gari lilikuwa Volkswagen Beetle la mwaka 1968, urithi wa babu, ambalo sisi wajukuu tunaliita Kobe. Mjomba alikuwa kwenye usukani. Mimi nilikuwa pembeni yake, na kiti cha nyuma kulikuwa na mfuko wa plastiki wenye klachi pleti kuukuu. Mpya ilikuwa imefungwa siku mbili kabla, kwenye gereji moja ya mjini, kwa fedha niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya utafiti wa shahada yangu ya uzamili. Sasa fedha hiyo ilikuwa inaungua na kunuka.

Tuligeuza, tukateremka taratibu hadi Mombo, kwa fundi mzee aliyelitunza Kobe tangu babu akiwa mwalimu. Ameshika spana tangu 1971.

Hakugusa kitu. Aliuliza kwanza. Harufu inakuja lini, mkipanda au mkiteremka? Ni ya plastiki, ya oili, au kama karatasi iliyoungua?

"Kama karatasi," nikasema. "Mkipanda tu."

Maswali yake yalikuwa na sababu. Injini ya Beetle iko nyuma, na hewa ya kupasha joto ndani ya gari hupita kwenye mabomba ya moshi. Oili ikidondokea pale, abiria wananusa kuungua na klachi inasingiziwa. Sili iliyo nyuma ya flaiwili nayo ikivuja, oili hufika kwenye klachi yenyewe na kuifanya iteleze. Na klachi mpya, hata iliyofungwa vizuri, inaweza kunuka siku za mwanzo, kwa kuwa gundi inayoshikilia bitana yake inakutana na joto kwa mara ya kwanza.

"Ile ya upya inapungua," akasema. "Yenu inaongezeka."

Alimwambia mjomba awashe gari, avute breki ya mkono, aweke gia ya nne, aachie pedali polepole. Klachi nzima ingezima injini palepale. Yetu iliendelea kunguruma, na harufu ikapanda. "Zima!" Akainama, akabonyeza pedali kwa kiganja. Haikuwa na mchezo hata kidogo, wakati ilitakiwa iende bure milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kusukuma. Aliyefunga alikuwa ameukaza mno waya wa klachi. Ilikuwa kama dereva aliyepandisha mlima mzima huku mguu umelala kwenye pedali. Mzee aliingia chini ya gari, akalegeza nati yenye masikio kwenye gia boksi, akapima tena. Dakika kumi, na kazi imekwisha.

Chuoni tunafundishwa kuuliza chanzo kabla ya kukiamini: kimetoka wapi, lini, baada ya nini. Sikutarajia kuliona somo hilo Mombo, likifanywa kwa pua.

Kisha akaiomba ile pleti kuukuu aone ilivyolika. Akaigonga mara mbili kwenye jiwe, akaiinua mdomoni ili aipulize vumbi.

"Babu, usipulize!"

Akanitazama. Mjomba pia.

Nilikuwa nimesoma habari za vumbi hilo kwa muhula mzima. Mwaka 1897 Mwingereza Herbert Frood alianza kutengeneza bitana za breki, na kwa kupanga upya herufi za jina lake na kuongeza E akapata jina Ferodo. Baadaye viwanda vya bitana vilikumbatia asbesto, kwa kuwa haiungui na inavumilia msuguano. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, klachi na breki za dunia zilikuwa na nyuzi hizo. Kila zilipolika, ziliacha vumbi, na kila fundi alilipuliza ili aone anachofanya.

Lakini mwaka 1924 alifariki Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda cha asbesto huko Rochdale, Uingereza, akiwa kwenye miaka ya thelathini. Daktari William Cooke aliyachunguza mapafu yake na kuandika habari zake katika jarida la tiba mwaka huohuo. Kufikia 1931 Uingereza ilikuwa na kanuni za kupunguza vumbi hilo viwandani. Marufuku kamili ilikuja 1999.

Nilimweleza kwa maneno machache, nikiona aibu. Mimi ni binti wa miaka ishirini na kitu, nisiyejua hata kufungua plagi, namwambia mzee kuhusu pumzi yake mwenyewe.

"Hao walioandika walijua mwaka gani?"

"Elfu moja mia tisa ishirini na nne."

Alihesabu kimya. "Mimi nilikuwa sijazaliwa." Akakohoa, kama alivyokohoa tangu tufike. Sidai kujua kikohozi kile kimetoka wapi. Hata pleti ile haikuwa na maandishi ya kunieleza imetengenezwa na nini. Lakini tangu siku ile siwezi kuandika "ilijulikana mwaka 1924" bila kujiuliza: ilijulikana na nani? Habari ilibaki kwenye majarida, klachi zikapanda meli. Karibu miaka hamsini baadaye kijana mmoja alianza kazi Mombo, na hakuna aliyemwambia.

Alikataa fedha, akasema Kobe ni mgonjwa wake. Kisha akamwita kijana anayejifunza kwake, akamkabidhi pleti ile.

"Irudishe kwenye mfuko, ufunge. Na kuanzia leo, ukifungua klachi, lowesha kitambaa, upanguse. Hakuna kupuliza."

"Kwa nini, Mzee?"

Akaninyooshea kidole. "Muulize huyu."

Tulichelewa kufika Lushoto. Kobe lilipanda kona zote bila kunuka.