Kutoka pembe ya ndovu hadi kitufe cha plastiki

Wadau, wikiendi nilikuwa Bigwa kumjulia hali bibi yangu. Goti limemkamata. Kupanda mlima anajikongoja, ila kushuka ndiko kunakomliza. Daktari amemtajia goti la bandia. Bibi akaniuliza swali moja tu: "Mjukuu wangu, na hilo litashuka mlima?"

Ikabidi nisome. Mwaka 1890, huko Berlin, daktari Themistocles Gluck alimwekea mgonjwa goti lililochongwa kwa pembe ya ndovu, mfano wa bawaba. Ndiyo, pembe ya ndovu! Karne hiyo hiyo wapagazi walipita chini ya milima yetu ya Uluguru wakibeba pembe hadi Bagamoyo, ziuzwe ng'ambo. Magoti ya Gluck hayakudumu; alioyawekea walikuwa na kifua kikuu cha viungo, na ugonjwa ukarudi.

Isitoshe, goti si bawaba ya mlango. Likikunjwa, mifupa inabiringika, inateleza na kujizungusha kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Frank Gunston, Mkanada aliyekuwa Wrightington, Uingereza, alibuni goti lisilo na bawaba. Lakini ile pia ya goti ikasahaulika.

Na pia ndiyo yenye kazi! Ni kama roda: inaupa msuli wa paja nguvu ya kunyoosha mguu. Kwenye ngazi inagandamizwa kwa karibu mara tatu ya uzito wa mwili; ukichuchumaa, mara saba hivi. Ndiyo maana wenye magoti ya awali walitembea tambarare vizuri, wakalalamikia maumivu ya mbele ya goti kwenye ngazi.

Mwaka 1974, huko New York, John Insall na wenzake walileta goti lenye mfereji wa kupitishia pia, na nyuma ya pia wakabandika kitufe cha plastiki ngumu. Magoti mengi ya leo ni wajukuu wa hilo. Ubishi haujaisha: Marekani wengi huweka kitufe, Norway wengi huiacha pia ya asili.

Hapa kwetu upasuaji huu unafanyika MOI, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Ila goti la bandia kwa kawaida hukunjika nyuzi 110 hadi 120, na kuchuchumaa kunataka zaidi ya 130. Walioanza kulibuni walikaa kwenye viti, sio kwenye mafiga.

Nimemwambia bibi: mlima utashuka, mafiga tutayainua. Na kabla hujasema ndiyo, muulize daktari pia yako ataifanyaje.

Bibi kacheka. Bado hajasema ndiyo.